Nyeupe ya Fundi Brashi

Fundi Brashi hakupaka rangi nyeupe kama ilivyotoka dukani. Kila ndoo aliitia tone la bluu, akakoroga, akafumba jicho moja na kuitazama kwa lingine. Tone hilo, alisema, huua umanjano. Kwa siri hiyo alisifika mtaa mzima, na maringo yake tusiyaseme.

Miaka ya karibuni nyeupe iligoma kuwa nyeupe. Tone likawa kijiko, kijiko kikawa kikombe. "Viwanda vya siku hizi ni wezi watupu!" alifoka. Mpaka mteja mmoja akamwita arudi. "Fundi, nilitaka ukuta mweupe. Umenipa mbingu."

Hapo ndipo alipoogopa. Fundi rangi asiyeona rangi, ni fundi wa nini? Binti yake hakubembeleza. Alimpeleka kliniki ya macho.

"Ulipimwa lini mara ya mwisho, mzee?" daktari aliuliza.

"Sijawahi. Hayajawahi kuniuma."

"Mtoto wa jicho haumi, baba. Anaingia bila hodi, na kila cheupe anakitia umanjano. Ungekuwa unakuja kila mwaka, tungemkuta mlangoni."

Alipasuliwa. Bandeji ilipotolewa, alilivuta shuka la kitanda karibu na uso. Shuka lilikuwa jeupe. Jeupe hasa, bila tone la mtu! Aliona uzi mmoja mmoja kwenye pindo lake, aliona madoa ya rangi za zamani kwenye kucha zake, akaona vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Alilia bila haya. "Kumbe dunia iko hivi," alimwambia binti yake, "na mimi nilikuwa naitukana."

Walipofika nyumbani alisimama mlangoni mwa sebule, ile aliyoipaka mwenyewe mwaka uliopita kwa sababu mkewe alitaka weupe. Kuta bluu. Dari bluu.

Binti aliinamisha kichwa. "Mimi nilidhani mama ndiye aliyeitaka hivi."

Mkewe alikuwa kwenye kochi. Fundi alizitazama mvi zake, weupe ambao hakuwahi kuupata katika ndoo yoyote, moyo ukamjaa.

"Mama watoto, umekaa humu na bluu hii mwaka mzima, husemi?"

Mkewe alizitazama kuta, zote nne, kwa utulivu.

"Bluu gani, baba? Si hii nyeupe yako?"

Fundi hakuketi. Aliviinamia viatu vya mkewe, akaviweka miguuni pake.

"Vaa, mama. Twende kliniki, ukaone ulivyo."