Maji ya Marehemu Njuki

Jumanne ni zamu ya Ciakuthii ya maji, na migomba yake ilikuwa imeshakunja majani kama wazee wanaosikia baridi. Badala ya maji akaja Thuranira, mlinzi wa koki za mradi, na karatasi mkononi.

"Maji yako yameenda kwa Njuki," akasema.

"Njuki gani?"

"Bwana yako, mama."

Ciakuthii akatazama kaburi nyuma ya jikoni. Njuki alikuwa na miaka tisa pale, na hata alipokuwa hai hakupenda kushika mpira wa maji. "Basi mngoje aje afungue koki. Ukimwona, mwambie shamba limekauka."

Thuranira hakucheka. Karatasi ni karatasi. Hii ilikuwa zamu ya pili kupotea. Ya tatu ikipotea, mikungu yote ingebaki na ndizi kama vidole vya mtoto. Ciakuthii akajifunga leso, akashuka mpaka ofisi ya mradi hapo Mitunguu.

Karani alikuwa Naftaly, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Zamu za maji alikuwa ameipa kompyuta izipange, kwa maagizo aliyoandika mwenyewe. Maagizo hayo aliyaita skripti, na aliyapenda kuliko wajukuu zake.

"Kila mwanachama ana faili, na faili ina jina lake," akaeleza. "Skripti inasoma orodha ya majina, inatafuta faili, inatoa zamu. Lakini kwake, nafasi kati ya maneno ni mwisho wa jina. Wewe ni Ciakuthii wa Njuki. Ikatafuta Ciakuthii, hayuko. Ikatafuta Wa, hayuko. Ikatafuta Njuki, ikampata, kwa sababu faili yake ya zamani iko."

"Kwa hivyo mimi nimekatwa vipande vitatu, na kipande kilichokufa ndicho kimepewa maji."

"Ni kitu kidogo, mama. Tutaunganisha jina lako liwe neno moja. Kina mama wote tutawaunganisha."

"Hapana."

"Ni kwa kompyuta tu."

"Mwalimu, Ciakuthii ni jina la nyanya yangu. Wa Njuki nililipata kwa kupika uji wa harusi nzima. Hayo hayabandikwi kwa gundi ili chombo chako kisichoke. Kifundishe."

Naftaly akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi tuanze na marehemu, ili Njuki aache kukunywea maji." Akavuta orodha nyingine, ya kufuta. Jina la kwanza lilikuwa Mukami wa Riungu, waliyemzika Pasaka. Kidole chake kikaenda kwa kitufe.

"Ngoja," Ciakuthii akasema. "Hiyo nayo inasoma kama ile?"

"Ni skripti ile ile."

"Itamfuta nani? Hesabu, wewe ni wa hesabu."

Naftaly akakunja kidole cha kwanza. Mukami, hayuko. Cha pili. Wa, hayuko. Cha tatu kikabaki juu. Riungu alikuwa mwenyekiti wa mradi, mzima kabisa, na faili yake ilikuwa na jina hilo moja.

"Jana amekula kwangu," Ciakuthii akasema. "Alikuwa na hamu ya chakula, kwa mfu."

Naftaly akaondoa mkono kwenye kitufe, polepole, kama mtu anayetoka karibu na nyoka.

"Mkungu ukienda sokoni tunaufunga majani yake," Ciakuthii akaendelea. "Unafika mzima. Jina halina majani?"

"Lina alama za kunukuu," Naftaly akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani si lazima." Akarudi kwa skripti. Kila mahali jina lilipopita, akalifunga kwa alama hizo. Kati ya jina na jina akaondoa nafasi, akaweka alama ambayo kompyuta hairuhusu kamwe kuwa ndani ya jina la faili.

"Sasa jaribu," Ciakuthii akasema. "Lakini usifute mtu. Iambie itaje tu."

Kioo cha kompyuta kikaandika: Mukami wa Riungu. Jina zima, mstari mmoja. Akajaribu zamu. Jumanne: Ciakuthii wa Njuki.

Ciakuthii alikataa kuondoka mpaka karatasi ichapishwe. Thuranira akaisoma mara mbili, akafungua koki.

Maji yalipofika, Ciakuthii akaelekeza mpira kwanza kwa kaburi, kidogo tu.

"Hayo yametoka kwangu," akamwambia Njuki. "Usizoee." Kisha akageukia migomba.