Foleni ya Mtoni

Hazel alikuwa amefika mabegani mwa askofu. Karatasi ilikuwa imebandikwa sakafuni mwa kanisa kuu, juu ya bamba la shaba lililochongwa umbo la marehemu huyo wa kale, naye aliisugua kwa nta nyeusi, polepole, mistari ikijitokeza yenyewe. Viatu, joho, fimbo, mabega. Mumewe, Bernard, alikuwa amekwenda sokoni kununua chai.

Soko la Ely, mji mdogo wa Uingereza, liko hatua mia tatu tu kutoka mlango wa kanisa kuu. Dakika hamsini zilikuwa zimepita.

Mwezi uliopita Bernard alipotea akitoka posta, mtaani walikoishi miaka thelathini na mmoja. Binti yao, Philippa, alisema, "Akipotea tena, Mama, anakwenda kwa daktari. Usinifiche." Hazel alikubali, kisha akapanga safari hii ili aone kwa macho yake. Na asubuhi yote Bernard alikuwa timamu. Alibishana na mwongoza wageni kuhusu mwaka ambao mnara wa kanisa ulianguka, tena akashinda.

Hazel aliweka nta chini. Akatoka kwenda sokoni kwa haraka.

"Mzee wa kofia ya sufu?" alisema muuza chai. "Kachukua vikombe viwili, mpenzi, kateremka kule." Alimwita kila mteja mpenzi.

"Kule mtoni? Si kanisani?"

"Kanisa liko nyuma yako, mpenzi. Hulikosi, labda ufumbe macho."

Hazel hakucheka. Aliteremka mteremko karibu akikimbia, mawe yakiteleza kwa manyunyu. Alipofika ukingoni, macho yake yalitangulia majini kabla ya kwenda kwa watu, akajichukia kwa hilo.

Palikuwa na foleni. Watu kama kumi na watano, kimya, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Karibu na mwisho alisimama Bernard, kikombe kila mkono.

"Bernard! Unafanya nini hapa?"

"Nimepanga foleni," alijibu kwa adabu.

"Foleni ya nini?"

Alichungulia mbele. "Watu walikuwa wamesimama. Nikasimama."

Bwana mmoja mwenye mwavuli, nyuma yake, alikohoa. "Usimgombeze, mama. Mimi nilisimama kwa sababu yeye kasimama."

"Na mimi kwa sababu yako," alisema mwanamke wa nyuma yake. "Kwani hii si foleni ya mashua?"

Watu wakacheka. Hazel naye akacheka. Kumbe ni hilo tu! Nani katika nchi hii hajawahi kusimama kwenye foleni asiyoijua? Akanyoosha mkono achukue kikombe.

Bernard akakivuta kifuani. "Samahani, bibi. Hiki ni cha mke wangu."

Hazel akaacha kucheka, akaurudisha mkono. Mwenye mwavuli akageuka kutazama mto.

"Mkeo anaitwa nani?" Hazel aliuliza taratibu.

Bernard alimtazama usoni. "Hazel," alisema mwishowe. "Hazel, kimepoa."

"Si kitu. Nipe tu."

Walipanda mteremko wameshikana mikono. Nusu ya njia Bernard akasimama.

"Nilijua nimepotea," alisema. "Nilitaka kuuliza, lakini sikujua niulize nini. Kisha nikaiona ile foleni. Mtu aliye kwenye foleni, hakuna anayemuuliza kama amepotea."

"Imekutokea mara ngapi?"

"Zile unazozijua wewe? Au zote?"

Mwezi mzima Hazel alikuwa ameogopa peke yake, akidhani mwenzake hajui. Kumbe walikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimficha mwingine.

"Nitampigia Philippa leo," alisema.

"Mpigie." Akaanza kupanda tena. "Ila nikiwepo. Msinijadili nikiwa chumba kingine."

"Utakuwepo."

Kanisani mhudumu alikuwa akiondoa viti. Wanakwaya walikuwa wanaingia kufanya mazoezi. "Bibi, nilitaka kuikunja karatasi yako, nikaona bado hujamaliza," alisema mhudumu.

"Bado kichwa," alisema Hazel.

"Basi iacheni. Kesho tunafungua saa tatu asubuhi."

Bernard aliinama, akakandamiza utepe wa gundi wa pembeni mwa karatasi ulioanza kubanduka, akahakikisha umeshika. Hazel alisubiri, mkono wake umeshika upindo wa koti la mumewe, asiuachie. Kisha akatoa simu mfukoni, wakatoka nje kutafuta mahali pa kukaa.