Upande wa Kivuli

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimerudi upande wa mshonaji, chembamba kama mkanda wa suruali, na kila siku kilizidi kutanuka. Alifuta vumbi pembeni mwa cherehani yake ya mkono, mahali penye nafasi ya kiti kimoja, akatazama ng'ambo ya barabara. Fundi saa alikuwa juani.

Miaka minane waliishi kwa kulifuata jua. Nusu ya mwaka lilipita kaskazini, kivuli kikawa kwa mshonaji. Nusu nyingine lilipita kusini, kivuli kikahamia kwa fundi saa. Aliyebaki juani alibeba kazi yake akavuka. Hakuna aliyewahi kumwita mwenzake. Jua ndilo lililowaita.

Siku ya nne tangu kivuli kirudi, fundi saa alikuja na mwavuli mpya, akausimika kwenye ndoo ya zege.

"Fundi!" alipaza sauti. "Unaona alichoninunulia binti yangu? Sasa jua na lihame litakavyo!"

"Hongera, fundi! Umeshakuwa bosi, usitusahau!"

Mshonaji alicheka, kisha akainamia mshono. Adhuhuri uzi ulimkatika. Alilamba ncha mara tatu, ikalikwepa tundu la sindano. Mwaka jana angenyoosha mkono tu, na fundi saa, kioo chake cha kukuzia kikiwa jichoni, angemtungia huku akimsimulia ya mteja aliyeleta saa mbovu akidai imerogwa.

Wiki nzima alitafuta sababu ya kuvuka. Aazime mkasi? Anayo miwili. Aulize saa? Mtoto mdogo angemcheka. Aligundua kwamba kwa miaka minane hawakuwahi kuwa na sababu nyingine ila joto.

Jumatatu, jua likiwa kali, alichukua kiti na suruali ya kupinda, akavuka. Mwavuli ulimtosha mtu mmoja. Aliketi pembeni yake, juani.

"Fundi, huku kunaunguza."

"Naona."

"Kivuli si kiko kwako?"

"Kiko."

Alishona. Jasho lilimtiririka shingoni, naye hakulifuta.

Fundi saa alitoa kioo jichoni. Alimtazama, akautazama mwavuli. Kisha akasogeza kiti chake kando mpaka bega lake moja likatoka nje juani.