Mama Abigaël na Mwana wa Kwao

Ukurasa wa Martine kwenye mtandao ndio uliokuwa duka lake lote. Kibanda hakuwa nacho. Alikuwa na cherehani mbili sebuleni kwake mtaa wa Bel-Air, na ukurasa wa Mama Abigaël Couture, ambako mabibi harusi wa Kampemba mpaka Kipushi walichagua mishono. Ukurasa huo ukiibwa, kazi ya miaka imekwenda na maji.

Na wezi hawakuwa hadithi. Rafiki yake Chance, msusi wa nywele, alipoteza ukurasa wake kwa simu moja tu. Mtu alimwomba tarakimu zilizoingia kwa ujumbe, naye akamsomea taratibu kama anasoma Zaburi kanisani. Martine alilia naye, halafu akajifunga kibwebwe.

"Weka numero yako tu kwenye page," mumewe Clément alimshauri. "Code ya kuingilia itakuwa inakuja kwa message."

"Na siku niko Kipushi, pale mpakani, simu imekamata réseau ya Zambia, hiyo message itapita wapi?"

Clément akakubali, maana huko Kipushi yeye mwenyewe aliwahi kungoja ujumbe mpaka jua likazama.

Basi Martine akatafuta programu inayotoa tarakimu ndani ya simu yenyewe, mtandao uwepo usiwepo. Ya kwanza ilijaa matangazo, ikadai malipo kabla hata ya kusema nani ameitengeneza. Hiyo akaifuta bila kuiaga. Ya pili ilitulia, mtengenezaji wake alijulikana, tena ilikubali nakala. Nakala akaiweka kwenye simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, inayolala ndani ya droo ya cherehani. Kila nusu dakika tarakimu sita zilikufa, sita nyingine zikazaliwa. Martine akajiona mjanja, na alikuwa na haki.

Ila kitu kimoja alikisahau. Nenosiri la ukurasa lilikuwa Abigaël, jina la kifungua mimba wake, na mji mzima ulimwita Mama Abigaël. Yaani nenosiri lake lilipigiwa kelele barabarani kila asubuhi, naye anaitika.

Jumamosi moja, yumo katika kupinda gauni, simu ikalia.

"Moyo, mamu," kijana akamsalimu kwa Tshiluba, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Miye ni mwana wa kwenu, natumika kazi na bantu ba page. Kuko mwizi anataka kuingia kwako. Fungua ile application, unisomee code, nimufunge."

Wazazi wa Martine walitoka Kasai, kunakosemwa Tshiluba, na lugha ya mama ina mkono mrefu. Moyo ukamlegea. Kidole kikafungua programu, na tarakimu sita zikawa pale machoni pake. Mdomo ulishafunguka. Lakini alilelewa vizuri, na kwao mwana wa nyumbani huulizwa kwanza ametoka kwa nani.

"Moyo webe, mwanangu. Uko mutoto wa nani?"

"Wa Kabeya, mamu. Sasa ile code..."

"Kabeya wa wapi? Na mama yako ni wa kwa nani? Bajomba bako banaishi wapi?"

Tarakimu zikabadilika.

"Hayo tutaongea nyuma, mamu. Code kwanza, inakufa."

Martine akafunga mdomo. Maisha yake yote hakuwahi kuona mtoto wa Kasai anayeulizwa wajomba zake akawa na haraka. Hata mlevi hujibu hilo.

"Acha ikufe," akasema polepole. "Kuko ingine nyuma yake. Unijibu kwanza."

Simu ikakatwa.

Alifungua ukurasa, akaona mtu ameingiza nenosiri sahihi kabisa, kisha amekwama kwenye mlango wa pili, ule wa tarakimu. Ndipo akili ikamjia. Akacheka peke yake, aibu ikimchoma kidogo, akaandika nenosiri jipya ambalo hakuna kiumbe aliyewahi kuitwa hivyo. Halafu akarudi kwenye gauni lake.

"Mama Abigaël," jirani akaita kutoka barabarani.

Martine akaitika kwa sauti kubwa. Safari hii jina lilikuwa jina tu, na ufunguo alikuwa nao yeye.