Daftari la Safu Mbili

Nilikuwa nabandika tabaka la nne kwenye taya la kinyago cha chura wakati Fednel aliponiwekea daftari langu mwenyewe mbele ya uso.

"Hebu soma, Mzee Odilon. Mwandiko wako huu."

"Mikono yangu ina gundi."

"Basi nitakusomea."

Tabaka la nne ndilo gumu. Karatasi ya mfuko wa saruji ukiilowesha sana inachanika, ukiilowesha kidogo inakataa kulala kwenye kona, na taya la chura ni kona tupu. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuharibu. Niliendelea kuipapasa kwa kidole gumba huku nikimsikiliza.

Fednel ni mtoto wa marehemu Wilnor, aliyeianzisha karakana hii ya vinyago vya kanivali hapa Jakmel. Wilnor alipofariki, sehemu yake ilienda kwa huyu kijana aliyesomea biashara mji mkuu. Sehemu nyingine mbili ni yangu na ya Mirlande, fundi wetu wa rangi. Mtu wa nne hana sehemu ila ana kiti. Huyo ni Sentanise, dada yake Wilnor. Mji mzima unamwita Shangazi, lakini kwa Fednel ni shangazi wa damu.

Shangazi hajawahi kubandika karatasi hata moja. Kazi yake ni kutazama. Kinyago kikikauka, kabla ya rangi, mmoja wetu hukivaa akatembea mpaka kona ya duka la mikate na kurudi. Yeye hukaa ng'ambo ya barabara, kwa sababu huko ndiko watu wanakosimama siku ya kanivali. Kisha anasema. Mara nyingi anachosema hakipendezi. "Huyu simba ana jino linamuuma." "Huyu kasuku kameza ufunguo." Kwa kazi hiyo hupata fungu lake katika kila kinachouzwa, kama Wilnor alivyoagiza.

"Mwaka jana," Fednel alisoma, "alivyovisifu ni arobaini na moja. Vilivyotoka ni vitatu. Alivyovikosoa ni sitini. Vilivyotoka, hamsini na vinne." Alilifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Sina chuki naye, ni damu yangu. Lakini akisema kizuri, hakiuziki. Akisema kibaya, kinagombaniwa. Jicho lake na jicho la mnunuzi hayajawahi kukutana, na bado tunamlipa."

"Mirlande anasemaje?"

"Mirlande anasema abaki, na sababu hana. Mimi nasema aondoke, na sababu ninayo. Umebaki wewe. Hoteli inataka vyura mia mbili na inataka jibu leo jioni. Tukiendelea kumtembezea Shangazi kila kimoja, hatufiki kwa tarehe."

Hesabu ilikuwa yangu. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika kila kinyago kinachotoka mikononi mwangu, kwanza alichosema Shangazi, kisha kama kimetoka au kimebaki. Sikuandika ili kumfukuza mtu. Niliandika kwa sababu napenda kujua. Sasa kilichonichanganya ni kwamba kila namba ilikuwa ya kweli, na bado nilihisi kama mtu aliyehesabu ngazi za nyumba yake akapata moja zaidi.

Mirlande aliinua kichwa kutoka kwenye makopo yake.

"Dilon, usinyamaze hivyo. Unanitisha."

"Nafikiri."

"Fikiri kwa sauti."

"Nikifikiri kwa sauti nitasema ujinga."

"Tuusikie tu. Wa Fednel tumeshausikia."

Fednel alicheka. Yeye hana kinyongo, na hilo nalo lilinitatiza. Mtu mbaya angenirahisishia kazi.

Nilimbeba chura pamoja na kalibu yake ya udongo nikamweka juani. Niliporudi nikatazama juu kutafuta kitambaa cha kunawia, maana mimi hukining'iniza kwenye boriti. Sikukiona. Boriti zilijaa vinyago, kila kimoja na kamba yake, na mafundo yote yalikuwa yangu. Nikasimama hapo mikono ikinidondoka gundi.

"Fednel," nilisema, "vile vya juu umevitazama?"

"Vile ni vya kanivali."

"Ndiyo. Ni vile alivyovisifu."

"Kwa hiyo?"

"Akikisifu kinyago mara ya kwanza, hatukiuzi. Kinasubiri Jumapili ya kanivali kishuke barabarani. Ndivyo baba yako alivyofanya, na mimi nimefuata. Nakifunga juu kwa mkono wangu, halafu nakaa chini naandika 'kimebaki'."

"Na vile vitatu vilivyotoka?" Fednel aliuliza.

"Kamba zilikatika. Vilichubuka pua, nikavirekebisha, nikaviweka mezani. Havikumaliza wiki."

Mirlande alipiga kopo kwa brashi. "Ee Mungu wangu! Mtu kamfungia mbuzi ndani, halafu anashangaa sokoni hakuna aliyemnunua!"

"Aliyemfungia ni mimi," nilisema.

"Najua. Nawacheka wote wawili."

Fednel si mjinga. Alilifungua tena daftari akaweka kidole kwenye safu ya pili. "Haya, hiyo imeanguka. Lakini hamsini na vinne hivi je? Hivi alivikataa, na watu wakavinunua."

"Alivikosoa, nami nikavirekebisha. Jino, sikio, mboni. Waliomnunua simba hawakumnunua yule wa jino bovu. Walimnunua aliyetibiwa. Daftari halisemi hivyo kwa sababu sikuliachia nafasi ya kusema."

"Basi!" Mirlande alisema. "Kwisha. Shangazi yuko sawa, twende tukanywe kahawa."

"Hapo ndipo sijui," nilisema.

"Hujui nini tena, Dilon?"

Ilinibidi niseme, ingawa nilitamani kunyamaza. Januari iliyopita wanga wa muhogo wa kupikia gundi ulituishia na siku zilikuwa zimebana. Vinyago saba alivyovikosoa sikuvigusa. Nilivipeleka kwa Mirlande kama vilivyo, akavipaka rangi bila kujua, vikaenda mezani.

"Vilitoka vingapi?" Fednel aliuliza kwa upole.

"Sita."

"Sita kati ya saba. Karibu sawa na vile ulivyohangaika navyo."

"Saba ni vichache."

"Ni vichache, lakini vipo."

Mirlande aliweka brashi chini. "Vilinunuliwa na wageni, wakaenda kuvitundika ukutani. Ukutani simba hatembei. Hata mwenye jino bovu atanyamaza."

"Na hoteli itawatundika wapi vyura wake?"

Mirlande aliichukua tena brashi. Hoteli nayo ina kuta.

Nilinawa, nikamimina kahawa, nikavuka barabara. Shangazi alikuwa na kipande cha mkate wa muhogo mapajani, amekipaka siagi ya karanga, hajakila. Nilimpa kikombe, nikamwambia habari za vile saba, maana sikuweza kuamua juu yake huku nimemficha jambo.

"Saba?" alisema. "Nilihesabu vitano."

"Ulijua?"

"Nakaa hapa kutwa, Odilon. Ulidhani natazama mbuzi?"

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Nikachuchumaa kando ya kiti chake. "Shangazi, leo nakuuliza. Jicho lako linaongeza nini kwa mtu atakayekitundika kinyago ukutani?"

Alikunywa kwanza. "Sijui. Sijawahi kuwa ukuta."

"Fednel anataka sababu."

"Nimemsikia, sauti yake haina mlango. Sasa umekuja nikupe sababu za kunibakiza? Hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni kukwambia kwamba yule chura uliyemweka juani taya lake limekaa upande."

"Bado halijakauka."

"Litakauka upande."

Niliposimama akanishika mkono wa shati. Hakunitazama. "Kiti hiki kikirudishwa ndani," alisema, "mchana nitakuwa nakaa wapi?"

Nilivuka barabara kurudi karakanani. Nilijua kwamba hilo nalo si sababu ya biashara, na nisingeweza kulitumia.

Fednel alikuwa mlangoni na simu mkononi.

"Nimefikia hapa," nilimwambia. "Sababu uliyoleta imeanguka. Siwezi kumwondoa mtu kwa sababu iliyoanguka."

"Inaweza kuwa niko sahihi hata hivyo."

"Inaweza. Ukileta sababu nyingine nitakaa nayo. Kuanzia kesho naandika safu nne, nionyeshe kilichorekebishwa na kisichorekebishwa, kilichowekwa mezani na kilichofungwa juu. Sasa hivi sijui kama anatusaidia kuuza au hatusaidii. Wewe pia hujui. Leo asubuhi tulidhani tunajua, basi."

"Hoteli haitasubiri safu nne, mzee wangu."

"Pengine haitasubiri."

Fednel alipiga simu palepale ili nisikie. Aliwaambia mia moja kwa tarehe yao, na mia baada ya kanivali. Walimjibu kwamba watafikiria na kutupigia kesho. Alitia simu mfukoni, akaenda kwenye rafu akamchukua chura mwingine aliyekauka tangu juzi, akamvaa.

"Unafanya nini?" Mirlande aliuliza.

"Natembea," sauti ilisema ndani ya karatasi. "Miguu ni bure."

Alitembea mpaka duka la mikate akageuka. Ng'ambo Shangazi aliinamisha kichwa.

"Huyo anatembea kama aliyevaa viatu vya mwenzake!"

"Mimi au chura, Shangazi?"

"Vua kwanza nijue!" alisema Shangazi. Fednel akavua, Mirlande akishika tumbo kwa kicheko. "Wewe una nafuu," Shangazi aliendelea. "Taya la chura limekaa upande."

Vyura wawili, kosa moja. Nilichukua uzi nikapima taya la yule mkavu, kisha la yule wa juani, kisha nikapapasa kalibu chini ya karatasi. Upande wa kulia ulizidi kwa upana wa ukucha wangu wa kidole kidogo. Kosa lilikuwa kwenye udongo wenyewe. Kila chura ambaye angetoka hapo, hata wafike mia mbili, angezaliwa nalo.

Nilipima mara ya pili, kisha ya tatu. Bila uzi sikuliona kabisa. Sijui kama mgeni yeyote hotelini angeliona, na sijui asiyeliona analipia nini.

Nilianza kulibandua tabaka la nne kabla halijashika. La tatu lilikuwa limekauka na halikutoka. Upande uliozidi nilitaka kuupunguza, lakini udongo ulikuwa mgumu, haukatiki bila kuloweshwa, na kuulowesha kunataka saa nyingi. Nililowesha gunia nikaifunika kalibu kama ilivyo, nusu imevaa na nusu iko uchi. Kisu nikakiweka juu yake ili kesho nisianze kwa kukitafuta, kisha nikaenda kumsaidia Shangazi kuingiza kiti ndani, kama kila siku.