Mursik ya Kurudi

Barabara ya kwetu Boito ilikataa ambulensi miaka yote. Siku jeshi lilipomleta Kipngeno wangu ndani ya jeneza, ilichongwa na greda asubuhi moja tu. Woi! Kumbe pesa ilikuwako.

Walipiga risasi hewani mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Afisa akanipa bendera iliyokunjwa, akasema taifa linajivunia kijana wangu. Nilitaka kumuuliza hilo taifa lilimjua lini, lakini nikaikumbatia bendera tu. Mabati ya nyumba yangu ni mshahara wa Kipngeno. Karo ya ndugu yake, Kipkurui, ni mshahara huo huo. Redio ikitangaza eti bajeti ya ulinzi imepanda tena, sisi huku tuliionja kupitia mwili wake tu.

Mama yangu alinifunza kwamba mtoto akienda mbali, unamwekea mursik. Unasugua kibuyu ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, unatia maziwa, unayaacha yagande, ili akirudi anywe hapo mlangoni. Mama asiyeandaa kibuyu ni kama amemwombea mwanawe asirudi. Cha Kipngeno kilikuwa tayari. Nilikiweka kaburini kwa mikono yangu, nikasema basi, imetosha, nimebaki na Kipkurui peke yake.

Udongo haujakauka, namwona Kipkurui kando ya lori la jeshi, anamuuliza afisa wataandikisha tena lini.

"Wewe una wazimu?" nikamfokea mbele ya watu. "Sina mwingine!"

"Mama, nikae nifanye nini? Chai siku hizi inachumwa na mashini." Akatazama chini. "Njaa haina baunsa wa kuizuia mlangoni."

Nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli. Nikaapa kwamba akienda, kwangu hapati kibuyu.

Siku ya kuandikisha, jeshi lilimchagua. Majirani walimleta nyumbani wakimbeba mabegani na kuimba, hata jirani Ombui, yule aliyechimba kaburi la Kipngeno. Siku ya kuondoka, Kipkurui aliingia jikoni na begi lake, akautazama msumari mtupu ambapo kibuyu hutundikwa. Alinishika mkono, akatoka.

Nililia mpaka sauti ikaisha. Halafu nikatoa kibuyu kipya, nikachochea moto, nikaanza kusugua makaa.