Gauni la Mke wa Fundi Saa

"Mama Pasi, hebu niambie hii ni nini!"

Mke wa fundi saa alilibwaga gauni mezani, juu kabisa ya mashati yaliyokwisha kukunjwa. Mama Pasi aliisimamisha pasi yake wima, akajifuta mikono, akalifungua. Gauni lile la rangi ya maziwa alilipiga pasi jana yake, mikono kwanza, kisha kola, kisha sketi. Sasa kifuani palikuwa na alama ya kahawia, pana huku, yenye ncha kule. Hapakuwa na haja ya kuuliza imefanywa na nini.

"Limetoka kwangu hivi?"

"Limetoka kwa nani tena? Nalifungua leo nivae, nakutana na maajabu!"

Binti yake Mama Pasi alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi kama kawaida yake. Mama alimtazama, akitumaini neno.

"Si nilikwambia, mama?" binti alisema. "Macho yamechoka hayo. Pumzika sasa."

Mama Pasi alimgeukia mwenye gauni. "Shoga, nguo zako nazipiga pasi tangu mwanao wa kwanza ananyonya. Nimewahi kukuunguzia hata leso?"

Mke wa fundi saa aligeuza uso haraka, akatoka bila kuaga. Mama Pasi alidhani ni hasira.

Kazi ile alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mkali asiyejua kusifu. Alimwambia pasi haikai, pasi inapita. Mtu akikuita, inua kwanza, ndipo uitikie. Tangu siku hiyo alikuwa akiinua. Wanawe walimlilia, akainua kwanza. Walipokuja kumwambia mumewe amefariki, aliinua kwanza, na suruali iliyokuwa mezani siku ile ilirudi kwa mwenyewe ikiwa salama.

Alilipeleka gauni dirishani penye mwanga. Akaikwangua alama kwa ukucha, taratibu, asije akatoboa. Akaijaribu kwa ndimu, kisha kwa siki, kisha akaiweka puani, akasikia ile harufu ya kuungua ambayo alikuwa ameisikia kwa wenzake tu. Jana alikuwa anafanya nini? Alisinzia? Alikumbuka kwamba redio ilikuwa inaimba na yeye akaegemea ukuta kidogo. Kadiri alivyokumbuka, ndivyo alivyozidi kuona kwamba alisinzia.

Mchana karani mmoja, mteja wake, alipopita kuchukua suruali zake, alizikuta kwenye mfuko, na makunyanzi yake yote.

"Mama, vipi tena?"

"Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Kupiga pasi."

Karani alicheka. "Na mimi kesho niende kazini kama nimetafunwa na ng'ombe?"

"Zivae tu, baba. Hivyo hivyo zilivyo zina usalama wake."

Alizungusha waya kwenye pasi, akaifunika kwa kitambaa, akaketi. Hakulia. Alikuwa anafikiri mtu akiamka asubuhi bila kuchomeka pasi, anaanza na nini.

Jioni binti alimwita kwa sauti nzito. "Mama, njoo sebuleni. Mwenye gauni amekuja na mumewe."

Alinawa uso. Njiani alipanga maneno: nisamehe, shoga, nitakushonea jingine. Akafungua mlango, ndani giza tupu, kisha taa zikawaka zote kwa pamoja na watu wakapiga kelele hata akashika ukuta. Maputo. Keki yenye mishumaa. Dada zake, jirani zake, wote wamevaa fulana za rangi moja zenye picha yake kifuani.

"Sitini, mama! Umetimiza sitini!"

Wakaimba mpaka mwisho. Aliwangoja wamalize.

"Gauni je?"

"Hukuliunguza wewe!" Binti alikuwa akirukaruka kwa furaha. "Nililiunguza mimi, jana, ulipokwenda sokoni. Tena kwa pasi yako mwenyewe! Ndio mtindo wa siku hizi, mama, mtu unamliza kwanza, halafu unampa keki."

"Nisamehe, shoga," alisema mke wa fundi saa, akiivuta fulana iliyombana tumboni. "Niliwaambia kwa huyu tafuteni jambo jingine. Wakasema nawaharibia shughuli. Na fulana nilikwisha kuagiza."

"Kwa hiyo sikusinzia," Mama Pasi alisema.

Hakuna aliyemsikia. Binti alikuwa anaikodolea simu macho. "Jamani, puto lilikaa mbele! Uso wa mama hauonekani kabisa. Mama, toka uingie tena. Ulie kidogo, halafu ucheke."

"Nilie?"

"Kidogo tu. Kama mchana. Mchana ulitoka vizuri sana, hebu jione."

Akamwonyesha. Ndani ya simu, mwanamke mdogo kama kidole alikuwa dirishani, anakwangua kitambaa kwa ukucha, anakinusa, anakwangua tena. Chini yake vilipanda vikaragosi vya kucheka, kimoja baada ya kingine, na wakati anatazama vikapanda vingine.

"Watu wamekupenda, mama."

"Naona."

Gauni lilikuwa limetupwa kwenye mkono wa kochi. Alilichukua, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kama alivyoagizwa.

Ndani walizima taa, wakaanza kunyamazishana. Mama Pasi aliingia chumba cha kazi, akaikunjua waya, akachomeka. Alinyunyiza maji kwa vidole. Pasi ilipopata moto, alilitandaza gauni akaanza na mkono wa kulia. Mara ya kwanza kiganja chake kilinyanyuka mapema mno, kunyanzi likabaki pale pale. Akarudia. Kikanyanyuka tena. Mara ya tatu alikikaza, akaipitisha pasi kutoka begani mpaka kwenye kifungo, na nguo ikanyooka, nyeupe.

Akaugeuza mkono wa pili.

"Mama!" binti aliita kutoka gizani. "Tuko tayari!"

Aliinua pasi kwanza. Mvuke ukapanda taratibu mbele ya uso wake, na yeye akausubiri uishe.